Viatu vya Mbio za Kasi: Tuutazame Mguu Kwanza



Mwezi huu tuongee juu ya jambo ambalo wazazi wengi wananiuliza, hata tukiwa njiani kutoka kanisani: viatu vya kukimbilia. Mwezi wa Septemba 2025 Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo. Alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tangu hapo vijana wetu wamepata moyo. Alfajiri hapa Gairo utawaona kwenye njia za vumbi na pembeni ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, wanakimbia kabla ya kwenda shule.

Hilo ni jema. Mazoezi hujenga moyo, mapafu na akili. Lakini pamoja na mazoezi limekuja swali la viatu, na hapo baadhi ya familia zinapoteza fedha nyingi na bado kijana anaumia. Ndiyo sababu nimeona tujifunze pamoja namna ya kuchagua kiatu cha mazoezi ya kasi.

KISA CHA KIJANA MMOJA

Miaka michache iliyopita mama mmoja alikuja kwangu na mwanawe wa kidato cha tatu. Kijana alikuwa anachechemea.

"Sista, huyu analalamika muundi wa mguu wa kulia," mama alisema. "Usiku halali vizuri."

Mimi nilikosea siku ile, nami nasema wazi ili wengine wajifunze. Nilitazama mguu, sikuona jeraha wala uvimbe mkubwa. Nikampa dawa ya kutuliza maumivu na kumwambia apumzike siku tatu. Sikumwuliza anafanya mazoezi gani, wala sikumwambia anionyeshe viatu vyake. Dawa ilificha maumivu, naye akarudi kukimbia. Baada ya wiki mbili aliletwa tena, hawezi hata kukanyaga. Picha ya eksirei ilionyesha ufa mwembamba katika mfupa wa muundi.

Safari hii niliuliza. Nikaambiwa kwamba familia iliuza magunia mawili ya maharage, na mjomba wake akanunua mjini viatu vya mbio vya bei kubwa. Vilikuwa na soli nene, na ndani ya soli kuna bamba gumu la kaboni. Mguu wa kijana ulikuwa namba 41, lakini viatu vilikuwa namba 43.

"Tulichukua vikubwa ili akue navyo," mama alinieleza. Kijana alikuwa amejaza vitambaa mbele ili mguu usicheze.

Kesho yake tu baada ya kuvipata, alianza mazoezi ya kasi juu ya lami, mara nne kwa wiki, kwa sababu mashindano ya UMISSETA yalikuwa yamekaribia. Daktari alituambia kuwa mambo matatu yalikutana: kasi nyingi iliyoanza kwa ghafla, ardhi ngumu, na kiatu kisichomwenea ambacho mguu wake haukukizoea. Alimwamuru apumzike wiki nane. Mashindano yakampita.

Familia ile haikufanya uzembe. Ilitoa ilichokuwa nacho kwa upendo. Kilichokosekana ni mafundisho, na baadhi ya mafundisho hayo ilikuwa kazi yangu kuyatoa.

MBIO ZA KASI NI ZIPI?

Ili tuchague kiatu, tujue kwanza kazi yake. Mazoezi ya mkimbiaji yako ya namna tatu:

1. Mbio za polepole. Mtu anakimbia huku anaweza kuzungumza na mwenzake. Hizi ndizo zinazopaswa kuwa nyingi. Katika mazoezi matano, manne yawe ya namna hii.

2. Mbio ambazo wakimbiaji huziita tempo. Ni mwendo mkali kiasi, unaoshikiliwa dakika 20 hadi 30 bila kupunguza. Hapa mtu anaweza kusema maneno matatu au manne tu, kisha anahitaji kuvuta pumzi.

3. Mbio za vipande. Mtu anakimbia kwa kasi kubwa, kwa mfano mita 400, anapumzika au kutembea kidogo, kisha anarudia mara kadhaa.

Katika mbio za namna ya pili na ya tatu mwili hupata mzigo mkubwa. Kila hatua, mguu mmoja hupokea nguvu inayofika mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kijana wa kilo 50 hupokea kama kilo 100 hadi 150 kwa mguu mmoja, tena mara maelfu katika zoezi moja. Ile kano nene iliyo nyuma ya kisigino huvutwa kwa nguvu kubwa zaidi ya hiyo, hasa mtu anapokimbilia vidole.

Mfupa ni kitu hai. Ukiupa mzigo kwa kiasi, hujijenga na kuwa imara. Ukiupa mzigo kwa ghafla, huchoka kabla haujajijenga, na hapo hupata ufa. Moyo na mapafu huzoea kasi katika wiki chache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi. Hivyo kijana husikia pumzi yake ni nzuri, akaongeza mwendo, na kumbe mifupa bado iko nyuma.

JE, KIATU NDICHO KINACHOLETA KASI?

Mwaka 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma akiwa peku. Mwaka 1964 alishinda tena Olimpiki mjini Tokyo, safari hii amevaa viatu. Mtu ni yule yule. Inasimuliwa kuwa kule Roma viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu, basi akaviacha. Alichagua kile ambacho miguu yake ilikifahamu.

Hata hivyo tusiseme kwamba kiatu hakina maana. Wataalamu wamepima na kuona kuwa kila kiatu kikiongezeka uzito wa gramu 100, mkimbiaji hutumia nguvu zaidi kwa karibu asilimia 1. Kwa hiyo kiatu chepesi husaidia katika kasi. Viatu vya siku hizi vyenye sponji maalumu na bamba la kaboni husaidia zaidi. Vilipopimwa Marekani kwa wakimbiaji wazoefu, matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kuwa viliwapunguzia matumizi ya nguvu kwa wastani wa asilimia 4. Eliud Kipchoge wa Kenya alivaa viatu vya jamii hiyo mjini Vienna mwaka 2019, alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Lakini Kipchoge alifika huko akiwa na miaka mingi ya mazoezi miguuni. Mwaka 2023 madaktari waliandika juu ya wanariadha watano waliopata ufa katika mfupa mdogo wa katikati ya mguu baada ya kutumia viatu vya bamba la kaboni. Walishauri kwamba viatu hivyo viingizwe taratibu katika mazoezi.

Hesabu hii yafaa kila mzazi aifikirie. Asilimia 4 ni faida kwa bingwa anayetafuta sekunde chache. Kwa kijana aliyelala kitandani wiki nane, asilimia 4 haimpi kitu.

Jambo jingine: Shirikisho la Riadha la Dunia limeweka mipaka. Katika mbio za barabarani soli isizidi unene wa milimita 40, na katika mbio za uwanjani, tangu Novemba 2024, isizidi milimita 20. Kumbe unaweza kununua kiatu cha bei kubwa ambacho mwanao hataruhusiwa kukitumia katika mashindano ya uwanjani yanayofuata kanuni hizo.

NAMNA YA KUCHAGUA

Fuata hatua hizi, iwe unanunua dukani au mnadani.

Kwanza, pima mguu wakati wa jioni. Miguu huvimba kidogo kwa shughuli za mchana, kama inavyovimba wakati wa kukimbia. Kiatu kilichonunuliwa asubuhi huweza kubana jioni. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Fuata ule mkubwa.

Kama mtoto hawezi kwenda sokoni, mwambie asimame juu ya karatasi, uchore miguu yake kwa penseli. Kisha kata kijiti chenye urefu wa mguu, ukiongeza sentimita 1. Ukifika kwenye kiatu, toa kile kitambaa cha ndani kinachokanyagwa, ukiweke juu ya mchoro. Mchoro ukitokeza pembeni, kiatu ni chembamba. Halafu ingiza kijiti ndani ya kiatu. Kikikunjika, kiatu ni kifupi. Kikicheza sana, kiatu ni kirefu.

Pili, mtoto akivae akiwa amesimama, na soksi atakazotumia. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya sentimita 1 hivi. Vidole viweze kuchezacheza. Nyuma, kisigino kishikwe, kisipande na kushuka anapotembea. Kiatu kinachobana huleta kucha nyeusi na malengelenge. Kiatu kikubwa nacho huleta malengelenge, tena humfanya mtoto akunje vidole ili akishike, na mguu mzima huchoka.

Basi tuache ile desturi ya kusema "akue nacho". Kwa sare ya shule yawezekana, kwa viatu vya mbio hapana.

Tatu, kikunje. Shika mbele na nyuma, usukume. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia, kama mguu wenyewe unavyokunjika. Kikikunjika katikati kama kandambili kuukuu, hakina nguvu. Kisipokunjika kabisa, kina bamba ndani, nacho si cha kuanzia.

Nne, kiweke kwenye mizani. Mwombe mwenye duka akupimie kiatu kimoja. Kwa mazoezi ya kasi, kiatu kimoja kisizidi robo kilo. Kati ya gramu 200 na 250 ni uzito mzuri kwa vijana wengi. Raba ya mbio za polepole yaweza kufika gramu 300 hivi bila tatizo. Viatu vizito vya kutembelea mjini, hata vikiwa na alama za mbio, tusivitumie kwa kasi.

Tano, linganisha unene wa nyuma na wa mbele. Raba nyingi zina kisigino kilichoinuka. Kama kijana amezoea hizo, asihamie ghafla kwenye kiatu bapa. Shavu la mguu na kano ya kisigino zitavutwa kuliko zilivyozoea, naye ataamka asubuhi hawezi kutembea.

Sita, geuza uangalie soli ya chini. Hapa kwetu kuna vumbi, kokoto na miba ya migunga. Soli nyembamba sana hutobolewa na mwiba. Tafuta mpira mgumu kiasi, wenye meno mafupi ya kushika vumbi. Njumu za kuchezea mpira wa miguu zisitumike barabarani. Viatu vya mbio vyenye misumari viachwe kwa mashindano ya uwanjani, kwa vijana wanaosimamiwa na mwalimu anayevifahamu.

Saba, kimbia nacho hatua chache hapo hapo. Benno Nigg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walieleza mwaka 2015 kwamba mkimbiaji hufaa kufuata kiatu ambacho mguu wake unakiona kuwa cha starehe. Si lazima tuwe na mashine. Mguu wa mtoto ukisema hapana, tusikubali maneno ya muuzaji.

MITUMBA JE?

Mitumba si aibu, na mara nyingi utapata humo raba bora kuliko ile mpya ya kuiga. Lakini kagua mambo haya:

a) Viweke juu ya meza, uvitazame kwa nyuma. Vikiegemea upande mmoja, viache. Viliegemezwa na miguu ya mtu mwingine, na miguu ya mwanao italazimika kufuata.

b) Bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi pembeni, imekwisha kazi yake hata kama kiatu kinang'aa kwa juu.

c) Vuta kidogo pale soli inaposhikana na kiatu. Gundi iliyokaa ghalani muda mrefu huachia. Fundi viatu aweza kushona na kugundisha, lakini hawezi kurudisha uhai wa sponji.

d) Ingiza mkono ndani. Sikiliza kama kuna matuta, nyuzi au mashimo. Mahali hapo ndipo lengelenge litakapoanzia.

e) Ukifika nyumbani, vifue kwa sabuni, uvianike kivulini penye upepo hadi vikauke kabisa. Jua kali na moto wa jikoni huharibu gundi. Kuvaa kiatu chenye unyevu huleta fangasi kati ya vidole.

Sponji ya raba nyingi huchoka baada ya kilometa 500 hadi 800. Anayekimbia kilometa 40 kwa wiki hufika huko katika wiki 12 hadi 20. Mwambie kijana aandike kilometa zake daftarini. Kama familia inaweza kupata jozi mbili, ya kawaida kwa mbio za polepole na nyepesi kwa kasi, azibadilishe. Utafiti uliofanyika Luxembourg ulionyesha kuwa wakimbiaji waliobadilisha jozi waliumia mara chache kuliko wale wa jozi moja. Kama uwezo ni jozi moja tu, chagua raba nyepesi ya kawaida, isiyo na bamba. Itafanya kazi zote mbili.

KIATU KIPYA KIZOEWE TARATIBU

Hata kiatu kizuri ni kigeni kwa mguu. Huu ni mpango wa wiki nne kwa kijana ambaye tayari anakimbia:

Wiki ya 1: atembee nacho nyumbani, kisha akimbie polepole dakika 10 hadi 15, mara mbili tu. Siku nyingine atumie viatu vyake vya zamani.

Wiki ya 2: akimbie polepole dakika 20 hadi 30, mara mbili.

Wiki ya 3: mwishoni mwa zoezi la polepole aongeze vipande vinne vya kasi, kila kimoja sekunde 15 hadi 20, akitembea katikati.

Wiki ya 4: afanye tempo ya dakika 10. Baadaye aongeze dakika 5 kila baada ya wiki moja au mbili.

Mazoezi ya kasi yawe mara moja kwa wiki. Aliyezoea aweza kufanya mara mbili, lakini aweke katikati siku mbili za mbio nyepesi au kupumzika. Kabla ya kasi apashe mwili moto kwa dakika 10 hadi 15. Na mazoezi haya yafanyike kwenye njia ya udongo uliosawazika au uwanja wa shule, si juu ya lami. Tunaogopa ugumu wa lami, na zaidi tunaogopa malori na mabasi. Ikiwa hakuna njia nyingine, akimbie upande wa kulia ili aone magari yanayomjia, na avae nguo nyeupe alfajiri.

ASIYE NA VIATU ASIKATE TAMAA

Watoto wetu wengi wamekua wakikimbia peku. Miguu yao ina nguvu, na hiyo ni mali. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Marekani na wenzake walitoa utafiti ambao ulihusisha pia wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Waliona kuwa waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, na mshtuko wa kutua huwa mdogo.

Kwa hiyo mtoto asiye na viatu anaweza kufanya vipande vya kasi kwenye uwanja wa majani uliokaguliwa vizuri, usio na chupa wala miba. Akipata jeraha, lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, kisha aje kituo cha afya tuangalie kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Funza nao waondolewe mapema, na kwa kifaa safi. Na akipewa viatu kwa mara ya kwanza, asitupwe moja kwa moja kwenye kasi. Afuate ule mpango wa wiki nne.

DALILI ZA KULETA HOSPITALINI

Maumivu ya misuli pande zote mbili, yanayoisha baada ya siku mbili tatu, ni ya kawaida. Lakini njoo mapema ukiona haya:

- Maumivu yaliyo mahali pamoja juu ya mfupa, unapoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole.
- Maumivu yanayozidi anapoendelea kukimbia, au yanayomwamsha usiku.
- Kuchechemea, uvimbe, au ganzi ya mguu.
- Msichana anayefanya mazoezi makali aliyekosa hedhi miezi mitatu. Mara nyingi anakula kidogo kuliko anavyotumia, na mifupa yake inadhoofika. Mama azungumze naye kwa upole, asimgombeze.

Usimpe kijana dawa ya maumivu ili aendelee kukimbia. Na ujue kwamba eksirei ya siku za mwanzo huweza isionyeshe ufa mdogo hata kama upo. Maumivu yakiendelea, rudi. Tena njoo na viatu vyake mkononi.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Swali: Mwanangu ana miaka 11, anaumwa kisigino kila akikimbia. Je, ni viatu?

Jibu: Katika umri huo mfupa wa kisigino bado unakua, na sehemu inayokua huuma ikivutwa na kano mara kwa mara. Punguza mbio na kuruka kwa wiki chache, na mpe raba yenye kisigino laini kilichoinuka kidogo. Kwa kawaida hupona. Akizidi, mlete.

Swali: Nina miaka 48 na nina kisukari. Nataka kukimbia pamoja na vijana wangu.

Jibu: Karibu, lakini anza kwa kuja kupimwa presha, sukari na hisia za nyayo. Anza kwa kutembea haraka. Kasi isubiri. Kila mara kung'uta viatu kabla ya kuvaa na tazama nyayo jioni, maana mwenye kisukari huweza kukanyaga kokoto siku nzima bila kuisikia.

MWISHO

Yule kijana alipona. Alipokuwa tayari, mama yake alikwenda naye mnadani jioni, akiwa na kijiti chake na karatasi. Walichagua raba za mitumba, nyepesi, namba ya mguu wake. Zile za bei kubwa waliziuza, wakanunua mbegu. Mwaka uliofuata alikimbia mita 1,500 katika mashindano, akashika nafasi ya nne.

Nilimpa mama pole kwa kukosa medali. Akacheka, akasema, "Sista, wa nne mwenye miguu mizima si haba."

ZUNGUMZENI NYUMBANI

1. Je, viatu vya watoto wetu vya michezo vinawaenea leo, au tulinunua vya mwakani?
2. Nani katika familia anajua mtoto anakimbia mara ngapi kwa wiki, na mahali gani?
3. Mtoto wetu akiumia, je, anaweza kutuambia bila kuogopa kwamba tutamlaumu kwa fedha tulizotumia?